Kiti cha Padri Kilivyokwenda Kindu Bila Padri

Kila ninayekutana naye siku hizi, kuanzia soko la Mangobo hadi kwa wavuvi wa maporomoko, ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilimuua Padri Wilibrodi? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani. Naandika mara moja, mpeane karatasi hizi wenyewe kwa wenyewe, na atakayebaki na swali aje na bia.

Padri hakufa. Na aliyesema amekufa si mimi. Mimi nilikula tu.

Kabla ya kuvuka

Mnaonijua mnajua kazi yangu, lakini nairudia kwa ajili ya wale wa mtaa wa Tshopo wanaodhani mimi ni padri mdogo. Mimi ni msaidizi wa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo cha mapadri hapa Kisangani. Neno la kulitazama vizuri hapo ni msaidizi. Nilianza nikiwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, kazi yangu ikiwa kujaza mipira upepo. Nikapanda cheo, nikawa mwandishi wa vikapu. Nilipokwenda chuo kikuu kule Leopoldville nilidhani nakwenda kusoma nyota na maumbile. Kocha wa kule aliposikia kwamba najua kujaza upepo, siku ya pili nilikuwa msaidizi wake. Nimerudi na diploma. Asubuhi nafundisha hesabu, na jioni nasimama nyuma ya kiti cha kocha, Padri Wilibrodi.

Kiti chenyewe ni cha kukunja, cha mbao na turubai, Padri alikuja nacho kutoka kwao Ulaya. Hukifungua mwenyewe, hukikalia mwenyewe, na kutoka hapo huwafokea vijana na mara nyingine huwarushia kiatu. Mimi huwa nyuma yake na firimbi, taulo na malimau ya kunyonya. Kwa miaka miwili nimeujua mgongo wa Padri kuliko uso wake.

Mwaka huu Padri alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Ikabaki swali la nani atachukua timu. Rekta wa chuo alikuwa na njia mbili: aandike Ulaya aletewe padri mwingine, au anipe mimi. Sikuficha kwamba naitaka kazi hiyo. Rekta naye hakuficha kwamba ana shaka, kwa sababu hajawahi kuniona nikiongoza kitu chochote kisichokuwa malimau.

Ndipo ukaja mwaliko wa kucheza Kindu, na wiki moja kabla ya safari Padri akateleza kwenye ngazi za kanisa, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta. Rekta akaniita. Akasema niende peke yangu na vijana kumi, na kwamba Padri Hilari wa Kindu, rafiki yake, atamwandikia barua kueleza nilivyoongoza. Alitamka neno barua polepole, ili nielewe kwamba kazi yangu imo ndani ya bahasha hiyo.

Nilipokwenda kumuaga Padri Wilibrodi kitandani, alinionyesha kiti chake pembeni. Alikuwa amekizungushia kanzu yake nyeusi iliyochakaa, kisipate umande, na kukifunga kwa kamba.

"Kiti kiende," akasema. "Vijana wakumbuke nani anawatazama. Wewe simama nyuma yake, kama siku zote."

Asubuhi ya kuondoka niliwaambia vijana mmoja akibebe. Hakuna aliyesogea. Kapteni wetu, Bosekwa, ni mtoto wa wavuvi wa Wagenia, kijana anayebeba miti ya mitego ya samaki mizito kuliko yeye na kuruka nayo juu ya mawe. Aliniambia bega linamuuma. Nikamgeukia wa pili, naye bega. Mabega kumi yaliuma asubuhi moja. Nikawaita wavivu, nikakibeba mwenyewe begani hadi kivukoni.

Mimi ninayeuliza kila kitu, niliyewahi kumuuliza mwalimu wa dini kama Nuhu alichukua na mbu kwa makusudi, hilo sikuliuliza.

Lubunga hadi Ponthierville

Habari za tiketi na karatasi za ruhusa naziruka, hakuna aliyewahi kufurahi kwa kuzisoma. Itoshe kwamba tiketi ya Padri ya daraja la kwanza ilikuwa imeshakatwa. Tulivuka mto, tukafika stesheni ya Lubunga saa mbili, na treni ikaondoka saa saba, kwa sababu kuni za injini zilikuwa zimelowa na kila mfanyakazi alimtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye mvua.

Nilifikiri, kwa hesabu ya kawaida, kwamba nafasi iliyolipwa lazima ikaliwe na mtu. Nikapanda daraja la kwanza. Kondakta, baba mmoja wa makamo mwenye kofia safi, akanizuia mlangoni.

"Hii place iko ya Padri. Padri iko wapi?"

Nikamwambia hayupo, lakini kiti chake hiki hapa. Alikitazama kiti, akaitazama ile kanzu, akavua kofia. Sikujua kwa nini anavua kofia. Nilidhani joto.

"Bon," akasema. "Kiti iingie. Wewe, kule nyuma."

Ndivyo kiti kilivyosafiri kwenye mto wa ngozi, dirisha wazi, na mimi mwenye diploma nikasimama daraja la tatu katikati ya majogoo wawili waliochukiana. Kila stesheni niliona watu wakipita chini ya dirisha lile, wanatazama ndani, wananyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi za makemba za kuchoma aliacha kutangaza bidhaa yake hadi alipolipita behewa lote. Nikawaambia vijana: tazameni, watu hawa wanaiheshimu kanzu hata ikiwa tupu, mnaona ujinga wa dini? Vijana walitazama miguu yao. Bosekwa alitaka kusema kitu, akameza.

Mtoni

Ponthierville tulipanda stima ya Kindu, au tuseme tulipanda lile jahazi la chuma linalofungwa ubavuni mwa stima, wanakokaa watu, mbuzi na magunia. Safari hii niliweka kiti karibu yangu, nikakiegemeza kwenye gunia la mpunga.

Hatujapoteza mji machoni, akaja mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha, jina lake Mama Feza, mtu wa karibu na Lowa. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu bila kuuliza.

"Pole, mutoto yangu."

Nilijua amenionea huruma kwa kukaa na mbuzi ilhali nimevaa tai. Nikamjibu: "Asante, mama. Nimezoea."

Akarudi nyuma hatua moja. Akawaambia wenzake kwamba kijana huyu ana moyo wa jiwe, lakini ni uchungu unamfanya hivyo. Baada ya nusu saa tukaletewa lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki wa kukaushwa kwa moshi, sinia nzima. Kisha pondu, majani ya muhogo. Kisha mtu ambaye sikumjua aliweka dumu la mvinyo wa mchikichi mbele ya kiti, akainamisha kichwa, akaondoka. Nikasema hadharani kwamba watu wa mto huu wana ukarimu ambao vitabu havijauandika. Tukala.

Siku ya pili tulikwama kwenye fungu la mchanga. Mabaharia walisukuma, nahodha akatukana, stima ikabaki pale pale kama mkwe mwenye haya. Nikiwa sina la kufanya nilimwambia Bosekwa anieleze ukarimu huu unatoka wapi. Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari aliyeuliza damu ni nini.

"Tonton," akasema, "kiti ya mukubwa haitembei bila mwenyewe. Ikitembea imefungwa, imevaa nguo nyeusi, ni kusema mwenyewe alikufa. Kiti ndiyo inapeleka habari kwa ndugu. Na mwenye kuibeba ndiye mutoto ya kilio. Njo maana sisi tulikataa."

Kwa hiyo kondakta hakuwa na joto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Kisangani. Akasema nilikuwa nimeshamwita mvivu, na mtu akiitwa mvivu hana haja ya kujichosha na maelezo.

Nilisimama pale pale nikamrekebishe Mama Feza. Naapa nilikuwa na nia hiyo. Nilimkuta ameinama juu ya moto mdogo wa mawe matatu, anafungua liboke: samaki mkubwa ndani ya majani, mafuta ya mawese, pilipili, na harufu ambayo ingemfanya mfu mwenyewe aamke aulize zamu yake. Nikaanza: mama, kuna jambo kuhusu Padri. Akanikalisha chini.

"Kula kwanza. Mutu ya kilio hazungumuzi na tumbo bure."

Nikala kwanza. Sasa niambieni ninyi mnaonicheka: ukishamaliza samaki wa mtu, miiba imo mkononi, unaanzaje? Nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake fungu la mchanga lilituachia, na mwinjilisti mmoja aliyekuwa safarini akaomba ruhusa ya kusema maneno machache juu ya marehemu. Alisema kwa saa nzima. Hakuwahi kumwona Padri Wilibrodi maishani, lakini alisimulia upole wake, sauti yake ya chini, uvumilivu wake kwa vijana. Vijana wetu, ambao kila mmoja ana alama ya kiatu cha Padri mgongoni, walilia machozi ya kweli. Hata mimi nilihuzunika kidogo kwamba sikuwahi kufanya kazi na mtu mzuri namna hiyo.

Pale stima iliposimama kuchukua kuni nilisikia ngoma ya kupeleka habari ikigongwa kijijini, na ng'ambo ya mbali nyingine ikaijibu. Sikuhitaji mkalimani.

Kindu

Gatini tulipokewa na wanafunzi wote wa chuo chao kwa mistari miwili, wakiimba wimbo wa maziko kwa sauti nne, na mbele yao Padri Hilari mwenyewe, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, macho mekundu. Alinikumbatia mimi na kiti kwa pamoja. Akasema mechi imefutwa, bila shaka. Kesho misa ya marehemu, keshokutwa stima ya kurudi, na yeye mwenyewe atamwandikia Rekta barua ya rambirambi.

Barua ya rambirambi. Siku zote zile mtoni, na bahasha niliyoifuata ingerudi haina neno hata moja juu yangu, ila kwamba nilibeba mzigo vizuri. Hofu hiyo ndiyo iliyonifungua kinywa, si ukweli. Sitaki mnifikirie vizuri kuliko ninavyostahili. Nilisema pale pale, mbele ya wote, kwamba Padri Wilibrodi yu hai, amevunjika mguu tu, na kiti amekituma kwa mapenzi yake.

Kwaya ilinyamaza katikati ya neno. Padri Hilari alifumba macho, midomo ikatikisika, sikujua kama anashukuru au anahesabu hadi kumi. Lakini aliyesema kwanza ni Mama Feza, aliyekuwa anashusha makapu yake ya samaki.

"Hajakufa?"

"Hajafa, mama."

"Basi ile chakula yote, ulikula ya nani?"

Nilisoma miaka mitatu, hakuna kozi iliyofika hapo. Watu wa jahazini wakaanza kucheka, wengine wakakasirika, na mwinjilisti akatoweka upesi kuliko mtu anayedaiwa mahari. Mama Feza hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ndio ulionitisha. Alieleza, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, kwamba chakula cha matanga hakirudi sufuriani. Kilishaliwa juu ya kiti kile. Kiti kikibaki kimefungwa, kilio kinabaki wazi, na kilio kilicho wazi kinamtafuta mwenyewe huko aliko na mguu wake wa plasta.

"Wewe ndiye uliibeba," akasema. "Toa ile nguo, fungua, ukae. Kilio iishe, mwenyewe apone."

Nilibisha. Nilisema mguu wa mtu aliye Kisangani hauwezi kujua nilichokula mimi karibu na Lowa. Nikauliza ushahidi. Alinitazama kwa huruma ile ile ya siku ya kwanza. Nikamgeukia Padri Hilari, msomi wa Roma, aniokoe kwa jina la teolojia. Alizishika ndevu zake akasema kwamba, kwa kadiri anavyojua, Kanisa halina fundisho linalokataza kukalia kiti.

Kapteni wa timu ya Kindu naye akasogea, akasema kwa adabu kwamba vijana wake ni watoto wa mto vilevile. Mechi wanaitaka, lakini hawawezi kucheza na watu wenye kilio wazi. Nikalie, wacheze. Nisikalie, basi.

Mnaona nilivyobanwa. Padri aliniambia nisimame nyuma. Nikikaa, Padri Hilari ataandika kwamba msaidizi alimnyang'anya bwana wake kiti angali hai. Nisipokaa, ataandika kwamba hakukuwa na mechi. Nilimtazama Bosekwa, kwa mara ya kwanza nikitaka kweli kujua anafikiri nini.

"Tonton, kaa tu," akasema. "Sisi mabega yalishapona."

Jioni, uwanjani kwao, mbele ya watu wengi kuliko walioalikwa, nikafungua kamba, nikakunja kanzu, nikakitandaza kiti. Kililia kama mlango wa zamani. Nikakaa. Mama Feza alipiga makofi mawili, akasema imekwisha, akaenda kutafuta pa kuuzia samaki.

Mechi sasa. Tulikuwa na siku tatu za lituma na mawese tumboni na tulikimbia kama viboko wajawazito. Robo ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Lakini nikagundua jambo ambalo sikulijua kwa miaka miwili ya kusimama. Ukisimama unaona vichwa na mikono. Ukikaa chini namna ile, turubai limelegea, magoti yako karibu na kidevu, unaona miguu. Na miguu haidanganyi. Yule mrefu wao, aliyekuwa anatufunga anavyotaka, kabla ya kugeuka alikanyaga kila mara kwa ncha ya mguu wa kushoto.

Kwenye mapumziko nilikuwa najiandaa kusimama niwagawie malimau. Kabla sijainuka, vijana wote kumi walikuja wakakaa chini mbele ya kiti, wakainua nyuso, wakangoja. Nilitaka kugeuka nione wanamtazama nani nyuma yangu.

Nikawaambia habari za ule mguu wa kushoto. Bosekwa akamganda yule mrefu hadi mwisho, akamnyima kila kitu. Tulishindwa kwa kikapu kimoja. Kikapu kimoja, waandikieni wale wa Lubunga wanaosema ishirini.

Kurudi

Kushuka mto ni haraka, wala hapakuwa na liboke. Walio hai hujinunulia. Kiti alikibeba Bosekwa kichwani, bila kanzu. Begani mwangu kulikuwa na mfuko, na ndani yake barua ya Padri Hilari, imefungwa kwa lakiri. Sikuifungua. Niliichungulia dhidi ya jua mara nne, lakini karatasi ya Kindu ni nzito.

Rekta aliisoma mbele yangu. Aliicheka mahali fulani. Kisha akanisomea sehemu: kwamba timu ilicheza kwa akili, kwamba msaidizi husema ukweli ila huchelewa nao, na kwamba akikaa huona mbali kuliko akisimama. Nikaona mambo yamekwisha. Rekta akakunja karatasi akaniambia kwamba barua ya kuomba padri mwingine Ulaya ilikuwa imeondoka kabla sisi hatujavuka kwenda Lubunga, kwa tahadhari, na jibu limeshakuja kwa telegramu: padri yuko njiani. Aliniambia kwa upole. Sikuuliza kitu. Andikeni siku hiyo.

Nikapanda kwa Padri Wilibrodi. Alikuwa ameketi kitandani, na mapajani mwake rundo la barua za rambirambi zilizotangulia kwa treni, anazipanga.

"Walilia?" akaniuliza.

"Walilia sana, Padri. Mwinjilisti alisema ulikuwa mpole."

Alicheka hadi akashika mguu. Kisha akakitazama kiti, nilichokuwa nimekiweka mlangoni, kiko wazi.

"Na kiti?"

"Nilikikalia."

Nikangoja kiatu, ingawa alikuwa na kimoja tu.

"Kinauma mgongo," akasema mwishowe.

"Kinauma, Padri."

"Miaka yote hiyo nilitaka kukitupa. Haya, kiwe chako."

Aliondoka na stima ya Leopoldville akiwa na magongo mawili, mzima, akiwafokea wapagazi. Mkisikia tena habari za kifo chake, si zangu.

Padri mpya amefika. Ni mtu mwema, mchanga, alizoea mpira wa miguu. Siku ya kwanza aliniuliza kwa kunong'ona firimbi imepigwa kwa sababu gani. Amekuja na kiti chake, cha chuma. Yeye ndiye kocha, mimi bado ni msaidizi, mshahara ule ule. Pembeni mwa uwanja sasa kuna viti viwili, cha chuma na cha turubai, na wakati wa mapumziko vijana huja kukaa chini mbele ya hiki cha turubai. Sikuwafundisha.

Wiki ya kwanza Padri mpya alijifanya hakuona, akautazama uwanja mtupu hadi mapumziko yakaisha. Wiki ya pili alijipigapiga goti. Alhamisi iliyopita alisimama, akakishika kiti chake cha chuma kwa mikono miwili, akakigeuza polepole kunielekea mimi, akakaa.